Kiraka na Mistari Jirani

Mwaka 1985, miaka miwili kabla ya kuitoa lugha ya Perl iliyompa umaarufu, Larry Wall alisambaza programu ndogo aliyoiita patch. Kazi yake ni moja: husoma faili lenye maelezo ya mabadiliko, hulifungua faili la msimbo linalohusika, na kuyatia mabadiliko hayo mahali pake. Mawasiliano ya kompyuta wakati huo yalikuwa ya polepole na ya gharama, na kumtumia mtu programu nzima upya kwa sababu ya mistari sita iliyobadilika ilikuwa ni kumtesa. Kwa kiraka, yaani faili hilo la mabadiliko, unamtumia ile mistari sita, pamoja na mistari michache iliyo jirani nayo.

Mistari jirani ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii.

Kiraka ni maandishi matupu ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma. Juu hutajwa jina la faili, la zamani na jipya. Kisha huja vipande, na kila kipande hufunguliwa na mstari wenye alama za @ na tarakimu, kwa mfano: kuanzia mstari wa 208, mistari 7, kuanzia mstari wa 208, mistari 9. Chini yake, mstari wenye alama ya kutoa unaondolewa, wenye alama ya kujumlisha unaongezwa, na usio na alama hauguswi. Hiyo isiyoguswa kwa kawaida ni mitatu juu na mitatu chini. Mpangilio huu uliandaliwa na Wayne Davison mwaka 1990, na mpaka leo sijaona mwingine unaosomeka vizuri zaidi.

Namba ya mstari haitoshi, kwa sababu msimbo husogea. Mtu akiongeza maelezo mwanzoni mwa faili, kila kitu chini yake kinashuka. Ndiyo maana programu ya patch huanzia kwenye namba iliyotajwa, na isipoikuta mistari jirani hapo, huitafuta juu na chini. Ni kama mgeni anayeelekezwa nyumba katika mitaa ya Mji Mkongwe: namba ya mlango haimfikishi, ila akiambiwa ni ile inayotazamana na msikiti, kando ya duka la viungo, atafika. Ikishindwa kuipata kama ilivyo, patch hulegeza sharti kidogo, ikipuuza mstari wa jirani ulio mbali zaidi, halafu wa pili, na kwa kawaida haivuki hapo. Ikishindwa kabisa hukataa, hukiandika kipande kilichokataliwa katika faili lenye kiambishi .rej, na kukuachia kazi. Na kila inaposogea au kulegeza sharti, inasema. Heshima hiyo kwa mtumiaji ni adimu katika programu nyingi za leo.

Mahali pazuri pa kujifunzia ufundi huu ni Mutt, programu ya barua pepe ya terminali iliyoanzishwa na Michael Elkins mwaka 1995. Imeandikwa kwa lugha ya C, mafaili yake yana majina yanayoeleweka, na kwa miaka mingi watunzaji wake walikuwa waangalifu mno katika kupokea vipengele vipya. Aliyetaka zaidi alitafuta kiraka, akakitia mwenyewe, akajijengea Mutt yake. Kilichojulikana kuliko vyote ni kile cha upau wa pembeni, unaoorodhesha folda za barua upande wa kushoto wa skrini.

Ukisikia orodha ya folda utadhani ni jambo dogo. Lakini Mutt iliandikwa kwa imani kwamba skrini yote ni yake: orodha ya barua, ukurasa wa kusomea, menyu, vyote vilianza kuchorwa kwenye ukingo wa kushoto kabisa. Ukitaka kuweka safu nyingine hapo, kila sehemu inayochora lazima isogezwe kulia. Kwa hiyo kiraka hicho kilipita katika faili la orodha, la msomaji, la menyu, la rangi, na lile linalochunguza folda zipi zina barua mpya. Anayekisoma kabla ya kukitia anatembezwa nyumba nzima. Anaona wapi skrini huchorwa, wapi vigezo vya mtumiaji huandikishwa, wapi vitufe huunganishwa na kazi zake. Kwangu mimi, kiraka kizuri humfundisha mgeni kuujua msimbo kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Utaratibu wenyewe hauchoshi. Unachukua msimbo wa toleo lilelile ambalo kiraka kiliandikiwa, unaufungua, unaingia ndani ya saraka yake. Chaguo la -p1 huondoa sehemu ya kwanza ya njia ya faili, kwa kuwa saraka ya aliyeandika haikuwa na jina moja na yako. Chaguo la --dry-run huijaribu kazi yote bila kugusa chochote. Anayeliruka anajinyima nafasi ya kujua mapema. Ikiwa kiraka kimegusa configure.ac au Makefile.am, endesha autoreconf kwanza, kisha ndipo ujenge.

Uhodari huonekana viraka viwili vinapokutana. Tuseme umekwisha kutia cha upau wa pembeni, sasa unataka kile cha folda ya takataka, kinachozihamishia huko barua zilizofutwa badala ya kuzipoteza. Vyote viwili vinaongeza vigezo katika init.h na globals.h. Cha pili kinapofika huenda kikakuta majirani wamebadilika, na kipande kikakataliwa. Hapo unafungua faili la .rej upande mmoja na faili halisi upande wa pili, ukijiuliza mwandishi alikusudia nini. Katika orodha ya vigezo jibu ni rahisi: vyote viwili vibaki, kila kimoja mahali pake. Lakini kama kiraka cha kwanza kimekibadilisha kitendaji kwa kukiongezea hoja, na cha pili kinakiita kwa namna ya zamani, kunakili hakutasaidia. Lazima mstari uandikwe upya na mtu aliyeielewa nia ya waandishi wote wawili.

Kuna hatari nyingine, nayo ni kipande kilichokubaliwa kwa sharti lililolegezwa. Msimbo wa C umejaa mistari inayofanana: mabano ya kufunga, neno break, nafasi tupu. Kipande kinaweza kutua katika kitendaji cha jirani kinachofanana na kile kilichokusudiwa, na huenda kompaila isilalamike. Fundi mzuri huona taarifa ya kulegeza sharti, akaenda kulisoma eneo hilo kwa macho yake, hata kama kila kitu kinaonekana kimekwenda salama.

Katika qmail ya Daniel J. Bernstein ufundi huu ulikuwa wa lazima. Toleo la 1.03 lilitoka mwaka 1998, na mwandishi wake hakuruhusu watu wasambaze qmail waliyoibadilisha. Wasimamizi wa seva waliotaka usimbaji wa TLS au uthibitisho wa watumaji walilazimika kutia viraka wenyewe. Mkusanyiko wa netqmail ulibeba msimbo wa asili bila kuguswa, na kiraka pembeni yake. Hali ilikuwa hiyo hadi mwaka 2007, Bernstein alipoiachia qmail iwe mali ya umma.

Viraka vyenyewe vilisafiri kwa barua pepe, na Wall alilifikiria hilo: patch huruka maandishi yoyote yanayotangulia mabadiliko, vikiwemo vichwa vya barua na salamu. Ndani ya Mutt unabonyeza alama ya |, unaandika amri, na barua nzima inapelekwa kwa patch. Usinakili kiraka kutoka kwenye skrini, kwani nafasi za tabo hugeuka nafasi za kawaida na mistari jirani haitambuliki tena.

Waliokitunza kiraka cha upau wa pembeni wanastahili sifa kuliko walizopata. Kila toleo jipya la Mutt lilisogeza mistari, nao wakakiandaa upya, kwa zaidi ya miaka 10, kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayeiona. Mradi wa NeoMutt, ulioanzishwa na Richard Russon, ulivikusanya viraka vingi vya namna hiyo mahali pamoja, na mwaka 2016 toleo la 1.7.0 la Mutt likaupokea upau huo rasmi.

Kama unajifunza C na unatafuta pa kuanzia, chukua msimbo wa zamani wa Mutt na kiraka cha toleo hilohilo. Kisome chote kabla ya kukitia. Kipande kikikataliwa, usikimbilie kutafuta kiraka kingine, fungua .rej na ukikalishe kwa mkono wako. Ukimaliza kujenga, andika mutt -v. Kiraka kilichojiandikisha katika faili la PATCHES utakiona kimetajwa mwishoni.