Bamba la Tripodi kwa Lenzi Nzito: Skrubu, Urefu na Kibanio

Anayenunua tripodi hukagua kwanza miguu, kisha kichwa. Bamba linaloshikisha kamera kwenye kichwa hulichukua lolote alilolikuta ndani ya boksi. Kwa lenzi ya milimita 50 hakuna hasara. Kwa lenzi ndefu, bamba baya hubatilisha ubora wa tripodi nzima.

Tuchukue Canon RF 600mm F4. Lenzi yenyewe ina gramu 3,090. Ikifungwa kwenye EOS R5 yenye gramu 738, mzigo unakaribia kilo 4. Mzigo huo haufungwi kwa tumbo la kamera. Bamba hukaa kwenye mguu wa lenzi, karibu na kitovu cha uzito.

Jambo la kwanza ni skrubu. Skrubu moja ya robo inchi huzuia mzunguko kwa msuguano tu; lenzi ikisukumwa pembeni, mguu hujigeuza juu ya bamba. Kwenye sensa ya fremu kamili, lenzi ya milimita 600 huona upana wa digrii 3 na nusu hivi, kwa hiyo kujigeuza digrii 1 tu huhamisha picha zaidi ya robo ya fremu. Tumia skrubu mbili kama mguu una matundu mawili. Ukiwa na tundu moja, chagua bamba lenye ukingo ulioinuka unaougandamiza mguu usigeuke.

La pili ni urefu. Ukiongeza kiongeza-lenzi (teleconverter) au kubadili kamera, kitovu cha uzito huhama, na bamba fupi halikupi nafasi ya kusogeza. Sentimita 5 au 6 zinatosha kamera. Lenzi ya aina hii ipewe 12 hadi 15. Usawa wa uzito ukipatikana kwenye kichwa cha gimbali, kile kinachoiacha lenzi izunguke huru, lenzi hubaki pale ulipoiachia hata kabla hujakaza.

La tatu ni kibanio, yaani sehemu ya kichwa inayolishika bamba. Mfumo wa Arca-Swiss, wenye kingo za mshazari na upana wa milimita 38 hivi, umeenea kwa watengenezaji wengi, lakini vipimo vyao hupishana kidogo. Kibanio cha wenzo hufunga kwa upana mmoja, hivyo bamba jembamba kidogo linaweza kuteleza. Kibanio cha kukaza kwa kuzungusha hujirekebisha kwa tofauti hiyo. Ndicho ninachokipendekeza kwa mwenye mabamba ya kampuni mbalimbali. Vyovyote iwavyo, usikubali bamba la lenzi nzito lisilo na skrubu za usalama kwenye ncha zote mbili. Kibanio kikilegea, hizo ndizo zinazozuia lenzi kuchomoka na kuanguka.

Kabla ya kulipa, funga lenzi yako dukani, lenga kitu cha mbali, kisha sukuma ncha yake taratibu na uachie. Picha isiporudi mahali pake, kuna kiungo kinachoteleza. Kama kichwa na miguu vimekazwa, tafuta bamba jingine.