Jeraha Lisilo Mwuguzaji

Mwaka jana, nilipokuwa Ifakara, vijana watatu waliniomba niwafasirie kanuni za mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Ni mchezo wa mezani, wa karatasi, penseli na dadu: mmoja husimulia hadithi, wengine hujitia ndani yake kwa majina ya mashujaa, na dadu huamua nani kapiga na nani kapigwa. Waliubuni Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, nao ulichapishwa mara ya kwanza 1974. Nilidhani taabu yangu itakuwa majoka na wachawi. La, hao tunao tele katika ngano zetu. Taabu ilinikuta kwenye jeraha.

Kila shujaa hupewa hesabu ya uhai. Apigwapo, hesabu hupungua, lakini yeye hachechemei wala mkono haumlegei: mwenye moja hupigana sawasawa na mwenye hamsini. Ikifika sifuri huanguka. Katika kitabu cha kanuni cha 1979, majeruhi alirejeshewa nukta moja kwa kila siku ya mapumziko, walau wiki ya kwanza. Katika toleo la tano, la 2014, mapumziko ya muda wa saa nane humrudishia zote. Jeraha halina kovu, wala halina kesho. Hesabu hiyo nimeiita pumzi, maana pumzi huisha ikarudi. Kuiita uhai ingekuwa uongo.

Lugha yetu ina kitenzi kuugua, na ndani yake mumezaliwa kuuguza. Asemaye “nauguza” ni mzima. Aliyelala kitandani ni mwingine. Bonde la Kilombero lajua maana ya neno hilo. Kabla ya daraja lililozinduliwa 2018, mgonjwa wa Mahenge au Lupiro alivushwa mto kwa pantoni ili afike hospitali ya Ifakara, na hakuvuka peke yake. Nyuma yake alikuwako mtu mwenye sufuria na mkeka, aliyewaachia ndege mpunga wake shambani. Kitabu cha kanuni hakimjui mtu huyo.

Bonde hilo lajua pia kanuni nyingine ya jeraha. Mwaka 1905 dawa ya maji ilifika huko pamoja na miiko yake na ahadi yake: risasi ya Mjerumani itageuka maji. Katikati ya Agosti kikosi kidogo cha Wajerumani kiliangamizwa Ifakara. Tarehe 30 Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mahenge, wakapokewa na bunduki mbili za rashasha. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya 1969, hakuwacheka watu wale. Alionyesha kuwa ahadi iliwaunganisha waliotengana, na kuwa aliyeitoa hakuweza tena kuizuia.

Hapo ndipo ulipo uhakiki wangu. Siulaumu mchezo kwa kuahidi. Pasipo ahadi, hakuna shujaa atokaye mlangoni. Naulaumu kwa kutofunga hesabu. Vita vya Maji Maji vilifungiwa hesabu yake: mashamba na maghala yaliteketezwa, njaa ikaua wengi kuliko risasi, na waliosalia wakauguza. Tamthilia nayo haimwachi Kinjeketile alale, aamke amesahau. Mchezo hufanya hivyo kila usiku, na kijana auchezaye hujifunza, bila kuambiwa, kwamba kuumia ni jambo la mtu mmoja na la usiku mmoja.

Niliwakabidhi tafsiri yao pamoja na kanuni moja yangu: aliyeanguka haponi mpaka mchezaji mwenziwe akubali kupoteza siku ya safari akimuuguza. Walinibishia kwa adabu: “Mzee, mchezo utapooza.” Niliwaomba waijaribu kwanza.

Jioni ya tatu shujaa mmoja alianguka ukingoni mwa mto wa kubuni. Wote walinyamaza, hakuna aliyeigusa dadu. Hazina ilikuwa ng’ambo, mwendo wa siku moja. Kisha mdogo wao akasema, “Mimi nabaki naye. Nyie tangulieni.”

Hawakutangulia. Waliketi wote, na hazina ile waliikosa.