Siri Isiyofichwa: Uhakiki wa Kuenea kwa *Sirr al-Asrar* na Namna Athari Yake Inavyopaswa Kupimwa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kuenea kwa *Sirr al-Asrar*, yaani Siri ya Siri, kitabu cha Kiarabu kinachodai kuwa barua ya Aristotle kwa Alexander. Hoja kuu ni kwamba siri katika kitabu hiki si maarifa yaliyofichwa, bali ni mbinu ya kumpa mshauri mamlaka yasiyohojiwa. Aidha, makala yanaonesha kuwa kitabu hakikusafiri kikiwa kizima. Kila jamii ilichukua sehemu iliyoihitaji na kuacha nyingine. Kwa hiyo, kudai kwamba kiliathiri jamii fulani hakutoshi mpaka ioneshwe ni sehemu gani, kwa tafsiri ipi, na kwa wasomaji gani. Usomaji wa Ibn Khaldun unatolewa kama kielelezo cha uhakiki unaofaa.

1.0 Utangulizi

Neno "athari" hutumika kwa wepesi katika tafiti za fasihi na historia ya mawazo. Mtafiti akikuta fikra moja katika vitabu viwili, hukimbilia kusema kuwa cha kwanza kimezaa cha pili. *Sirr al-Asrar* ni kipimo kizuri cha mazoea hayo, kwa sababu vitabu vichache vya Zama za Kati vilinakiliwa na kutafsiriwa kwa kiasi kile. Miswada ya tafsiri zake za Kilatini pekee inahesabiwa kwa mamia. Papo hapo linazuka swali: kitabu kilichosomwa na watu wengi hivyo kina siri gani? Jibu la swali hili linahusu pia kazi ya kila mtu anayeandika ushauri kwa ajili ya wenye madaraka, kwani kitabu chenyewe ni ushauri kwa mtawala.

2.0 Asili ya Kitabu na Jina la Kuazima

Kitabu kinajitambulisha kama jibu la Aristotle kwa Alexander, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye tayari ameiteka Uajemi. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, mwalimu amezeeka na hawezi kusafiri. Anaandika ili maandishi yakae mahali pake. Dibaji inaeleza kwamba Yahya ibn al-Bitriq alikisaka kitabu katika mahekalu mpaka akakipata kwa mchamungu mmoja, kisha akakigeuza kwa Kiarabu. Yahya alikuwa mtafsiri halisi wa Baghdad mwanzoni mwa karne ya 9, wakati maandishi mengi ya Kigiriki yalipokuwa yakitafsiriwa. Hata hivyo, asili ya Kigiriki ya kitabu hiki haijawahi kupatikana, na sehemu kubwa ya maudhui yake inakaribia zaidi fikra za Kiajemi na za Kiislamu kuliko za Athens. Wataalamu kwa jumla wanakiona kuwa kitabu kilichotungwa kwa Kiarabu na kukua hatua kwa hatua. Mwaka 987, Ibn Juljul, tabibu wa Andalusia, alikuwa tayari anakifahamu. Kuna matini fupi na matini ndefu. Hiyo ndefu imegawanywa katika makala kumi.

Kughushiwa kwa jina la mwandishi kunapaswa kutazamwa kama sehemu ya hoja ya kitabu. Ushauri unaotoka kwa Aristotle hauhitaji kuthibitishwa. Jina linatosha kuwa ushahidi. Isitoshe, jina hilo liliziba pengo halisi. Vitabu vingi vya Aristotle vilitafsiriwa kwa Kiarabu, lakini hakuna tafsiri kamili ya Kiarabu ya Zama za Kati ya kitabu chake cha *Politics* inayojulikana. Wasomaji walijua kuwa mwanafalsafa huyo aliandika kuhusu siasa, ila kitabu chenyewe hawakuwa nacho. *Sirr al-Asrar*, ambacho kiliitwa pia *Kitab al-Siyasa*, kilikalia kiti kilichokuwa wazi.

3.0 Maarifa Yote kwa Sikio Moja

Mwanzoni mwa kitabu Alexander anataka kujua awafanye nini wakuu wa Uajemi, watu wenye akili na ari ya kutawala, ambao anafikiria kuwaua. Mwalimu anamjibu kwamba hata akiwaua wote, hawezi kuibadilisha ardhi yao, hewa yao wala maji yao. Basi awatawale kwa wema ili wamtii kwa mapenzi. Hili ni shauri la kisiasa lenye uzito: mshindi anaonywa kuwa nguvu za kijeshi zina mpaka.

Baada ya hapo kitabu kinapanuka. Kinazungumzia ukarimu na ubahili wa wafalme, uteuzi wa mawaziri, makatibu, wajumbe na makamanda. Kisha chakula, usingizi na kuoga. Kisha firasa, yaani kuzitambua tabia za mtu kwa umbo na sura yake. Mwishowe mawe, mimea na hirizi. Msomaji wa leo huona mchanganyiko usio na mpango. Lakini mpango upo: vyote vinamlenga mfalme. Mwili wake ukiugua, dola inaugua. Akikosea kumsoma waziri usoni, hazina inaangamia. Anayetenga "siasa" na "uganga" katika kitabu hiki anaingiza mgawanyo ambao mtungaji hakuwa nao.

Udhaifu wa mpango huo unaonekana katika kisa cha binti wa sumu. Alexander aliletewa zawadi kutoka India, na miongoni mwake alikuwemo msichana aliyeleshwa sumu tangu utotoni mpaka mwili wake ukawa sumu. Aristotle alimtambua, na mfalme akaokoka. Kisa kinavutia, lakini kazi yake ni kumtukuza mshauri: yeye peke yake aliliona lisiloonekana, na hakuna aliyeweza kumhakiki. Aidha, mwalimu anamtaka Alexander asiitoe siri kwa wasiostahili. Kwa njia hiyo maarifa yote yanaishia kwenye sikio moja. Raia wanatajwa kama watu wa kulindwa na wa kuzalisha mali. Hawatajwi kama watu wenye la kusema kuhusu namna wanavyotawaliwa.

4.0 Vipande Vilivyosafiri

Historia ya tafsiri inathibitisha kuwa kitabu kilienea kwa vipande. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 12, Johannes Hispalensis alitafsiri kwa Kilatini sehemu ya afya tu na kuitoa kwa heshima ya malkia. Kwa wasomaji wake Aristotle alikuwa tabibu. Takribani karne moja baadaye, Filipo wa Tripoli, kasisi aliyeishi katika nchi za Wapiganaji wa Msalaba huko Mashariki, alitafsiri matini ndefu baada ya kupata mswada Antiokia. Tafsiri hii ndiyo iliyozaa nyingi za lugha za Ulaya. Huko Hispania, matini fupi ilipita njia nyingine na kuwa kitabu cha Kikastilia cha karne ya 13. Tafsiri ya Kiebrania nayo ilikuwepo. Kwa hiyo, wasomaji wawili waliosema wamesoma "kitabu cha siri cha Aristotle" huenda walisoma vitabu viwili tofauti.

Matumizi nayo yalitofautiana. Roger Bacon, mwanazuoni wa Uingereza wa karne ya 13, alikihariri na kukiandikia maelezo, akakitetea kama hazina ya maarifa ya maumbile. Walter de Milemete alimwandalia Edward III nakala yenye michoro katika miaka ya 1326 na 1327, wakati kijana huyo alipokuwa anaingia madarakani. Hapo kitabu kilikuwa kioo cha mtawala na alama ya hadhi. Wanakili wengine waliziondoa sehemu za hirizi na za hesabu za majina, kwa kuwa ziliwatia shaka kidini.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba kufika kwa Aristotle wa kweli hakukukiondoa yule wa kuazimwa. *Politics* ilitafsiriwa kwa Kilatini na William wa Moerbeke katika karne ya 13, na wasomi wakawa na njia ya kulinganisha. Bado *Sirr al-Asrar* iliendelea kunakiliwa. *Politics* ilidai msomaji anayefuata hoja ndefu kuhusu katiba na uraia. *Sirr al-Asrar* iliahidi siha, ushindi na uwezo wa kuwasoma watu kwa macho. Kitabu kilichoahidi mengi kilimshinda kwa wasomaji kile kilichothibitisha mengi.

5.0 Ibn Khaldun kama Msomaji

Msomaji aliyekitendea haki kitabu hiki alitoka katika ulimwengu uleule wa Kiarabu. Katika *Muqaddima*, aliyoiandika mwaka 1377, Ibn Khaldun anakitaja zaidi ya mara moja, na kila mara anasema kuwa "kinanasibishwa" na Aristotle. Neno hilo ni uhakiki tosha.

Anashughulika kwanza na duara la uadilifu: maneno manane ambayo kila moja linashikamana na lifuatalo, kuanzia ulimwengu na dola inayoulinda, kupitia sheria, mfalme, jeshi, mali na raia, mpaka uadilifu, ambao unarudisha fikra mwanzoni. Ibn Khaldun anakiri kuwa humo mna mambo mazuri. Lakini analalamika kwamba hayakukamilishwa, hayakupewa hoja yanazostahili, na yamechanganywa na mengine. Kisha anadai kuwa nadharia yake kuhusu dola inayaeleza maneno hayo kwa ukamilifu na kwa ushahidi, bila kufundishwa na Aristotle. Amelichukua wazo na kuliacha jina.

Pili, anaeleza hesabu ya kutabiri mshindi kati ya wafalme wawili. Thamani za herufi za kila jina hujumlishwa na kugawanywa kwa tisa, kisha masalio hulinganishwa. Masalio yote yakiwa witiri au yote shufwa, mdogo hushinda. Yakitofautiana, mkubwa hushinda. Hivyo 3 humshinda 5, lakini 8 humshinda 3. Ibn Khaldun anaieleza kanuni hiyo kwa uaminifu, kisha anaikataa kwa kuwa haina uthibitisho. Kutokana na kasoro za aina hiyo, anatilia shaka hata unasibishaji wa kitabu kizima. Hakukitupa chote kwa sababu ya sehemu mbovu, wala hakukipokea chote kwa sababu ya sehemu nzuri.

6.0 Tahadhari kwa Tafiti za Mwambao

Kanuni hiyo ya majina inawagusa watafiti wa mwambao wa Afrika Mashariki. Kujumlisha thamani za abjadi katika jina la mtu, mara nyingi pamoja na la mama yake, ni jambo linalofahamika kwa walimu wa falaki na waganga wa kitabu. Ni rahisi kuliona hilo kama athari ya *Sirr al-Asrar*. Lakini hesabu za abjadi zimo katika vitabu vingi vya Kiarabu, kikiwemo *Shams al-Ma'arif* kinachonasibishwa na al-Buni, ambacho kinajulikana zaidi mwambaoni. Kufanana kwa kanuni kunathibitisha kuwepo kwa mapokeo ya pamoja tu. Ili kudai zaidi, mtafiti anahitaji mswada, jina la mnakili, maandishi ya pambizoni, au mwalimu anayekitaja kitabu kwa jina. Vivyo hivyo kwa duara la uadilifu: lilizunguka katika maandishi ya Kiajemi na ya Kiosmani, na mara nyingi lilisafiri bila kitabu hiki.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kuwa nguvu ya *Sirr al-Asrar* ilitokana na mambo mawili: jina lililozuia maswali, na muundo uliomruhusu kila mtu kuchukua kipande chake. Siri ilikuwa kauli ya kumpa msomaji heshima ya kuteuliwa na kumpa mshauri kinga dhidi ya kupimwa. Shauri kuhusu wakuu wa Uajemi na hesabu ya majina vilisafiri chini ya sahihi moja, na sahihi hiyo haikumsaidia msomaji kujua kipi kina mashiko.

Hatari hiyo haikwisha na Zama za Kati. Ripoti ya kisera inayosimama juu ya ukubwa wa jina la mwandishi wake, na ambayo data zake hazioneshwi kwa wale itakaowahusu, ni ya ukoo mmoja na kitabu hiki, hata kama haina hirizi ndani yake. Dawa yake ni ileile aliyoitumia Ibn Khaldun: kulitenga jina na hoja, kuitafutia kila sehemu ushahidi wake, na kuuweka ushauri mahali ambapo wengine wanaweza kuusoma na kuupinga.