Kitabu na Koo

Ukipita Barabara ya Tom Mboya jioni, saa watu wanapomiminika kuelekea vituo vya matatu, utavikuta vitabu vimetandazwa chini kwenye turubai: riwaya zisizo na majalada, kamusi, Biblia, vitabu vya kufundisha utajiri, karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Mnunuzi huinama ili achague, na ndiyo sababu wenyeji wa Nairobi huyaita maduka hayo inama. Muuzaji ana jicho moja kwa wateja na jingine kwa kanjo, yaani askari wa jiji, maana wakitokea itabidi akunje turubai na kukimbia. Hata hivyo anasoma. Nimewatazama wengi wao wakiwa wamekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitabu kikiwa magotini, midomo ikicheza taratibu. Midomo hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu.

Kwa muda mrefu nilinunua vitabu pale bila kuvimaliza. Nilianza kwa hamu, nikafika ukurasa wa thelathini au arobaini, kisha hamu ikakauka. Nilipowauliza rafiki zangu niligundua kwamba wengi wana rafu za namna hiyohiyo, na karibu wote walilaumu simu. Simu ina lawama yake, sibishi. Lakini kwa sisi tuliosomea Kenya nadhani jambo lilianza mapema zaidi, darasani, tulipofundishwa kwamba riwaya ni karatasi ya tatu ya mtihani wa Kiswahili. Hakuna aliyefika kidato cha nne asiyeijua amri ya kueleza muktadha wa dondoo kwa alama nne. Kando ya riwaya yenyewe palikuwa na mwongozo, kijitabu chembamba kilichokwisha kumtafunia mwanafunzi maudhui, wahusika na tamathali za usemi. Wapo waliousoma mwongozo wakafaulu vizuri, na mpaka leo hawajui riwaya ya Kidagaa Kimemwozea inavyochekesha, wala jinsi mwandishi wake, Ken Walibora, alivyojua kuivuta sentensi hadi msomaji ainame mbele kusubiri neno la mwisho. Mtu akisoma hivyo ujana wake wote, macho huzoea kuwinda. Hupita juu ya ukurasa yakitafuta kitakachoulizwa, na kama hakuna kitakachoulizwa, huchoka.

Ingia katika Maktaba ya McMillan, Mtaa wa Banda, jirani na Msikiti wa Jamia, uone jambo hilo kwa macho. Ni jengo la nguzo nene na simba wa mawe mlangoni, lililofunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na mashamba makubwa nchini. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo, na mwaka 1962 baraza la jiji likaichukua. Mwaka 2017 Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, kupitia shirika lao la Book Bunk, walianza kazi ya kuifufua pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, kazi ninayoiheshimu kutoka moyoni. Lakini siku nilizokaa kwenye meza zile, wengi walionizunguka walikuwa wanafunzi waliokuja na madaftari yao wenyewe kujiandaa kwa mitihani. Walihitaji kiti na utulivu, na walistahili kuvipata. Vitabu vya rafuni vilituangalia tu.

Mimi nilirudishiwa utamu wa kusoma nikiwa Kangemi, hapa Nairobi, na aliyenirudishia ni shangazi yangu. Amekuwa msomaji tangu ujana wake. Magazeti ya zamani bado yamejaa chini ya kitanda chake, na riwaya za Kiswahili alizipenda kuliko redio. Kisha mtoto wa jicho akamwingia, herufi zikawa ukungu. Jumapili moja nilipomtembelea alinipa Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, akaniambia, "Nisomee, mwanangu. Nataka kujua huyu msichana aliishia wapi." Nilidhani nitamsomea kurasa mbili, chai ikiiva tuzungumze mengine.

Nikaanza kwa mwendo wangu wa kawaida. Hatukufika mbali. "Polepole. Umeruka." Sikuwa nimeruka neno, ila nilikuwa nimepita juu ya koma kana kwamba haipo. "Rudia hapo alipotoroka kwa mumewe." Nikarudia. Yasmin, binti mdogo wa Kihindi aliyeozwa kwa nguvu kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri sana, anaondoka na kuyatupa maisha aliyochaguliwa, katika Unguja ya ukoloni. Sehemu hiyo nilikuwa nimeisoma zamani kwa macho nikaielewa. Kwa mdomo, shangazi akiwa mbele yangu ameshika kikombe bila kunywa, niliiogopa. Nilijikuta natafuta pumzi ya kuifikisha sentensi salama.

Hapo niliona kwamba kusoma ni kazi ya mikono kama ushonaji, ina mishono yake, na mishono hiyo niliiacha nilipohitimu darasa la tatu na kuambiwa nisome kimyakimya kama mtu mkubwa. Msomaji wa sauti lazima aangalie mbele kidogo, ajue sentensi inaishia wapi kabla hajaianza. Lazima aamue nani anasema, na kwa hasira au kwa kubembeleza, jambo ambalo macho peke yake hayalazimiki kuamua. Na Kiswahili chetu kimeumbwa kwa ajili ya koo. Chukua masimulizi yetu ya kawaida: akainuka, akajifunga kanga, akafungua mlango, akatoka. Jicho huona vitenzi vinne na kukimbia. Ulimi hupiga hatua nne, na msikilizaji tayari yuko nje pamoja na mwanamke huyo. Wazee wa pwani walijua hilo. Tendi zao ziliandikwa ili zighaniwe mbele ya watu, na aliyekuwa na hati bila sauti alikuwa na nusu ya utendi.

Nairobi na vitongoji vyake navyo vimewahi kuujua ufundi huu nje ya shule. Ngũgĩ wa Thiong'o alipokuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978 aliandika Caitaani Mutharaba-ini kwenye karatasi za chooni. Ilipotoka mwaka 1980, kwa Kikuyu, ilisomwa kwa sauti: nyumbani jioni, familia nzima ikimsikiliza mmoja, kazini saa za chakula, ndani ya matatu, na kwenye baa. Ngũgĩ alisimulia baadaye juu ya wasomaji wa baa waliofika mahali patamu, wakaona bilauri yao iko tupu, wakakilaza kitabu mezani hadi wasikilizaji wanunue bia nyingine. Wale walikuwa mafundi. Walijua hasa mahali pa kukata. Mbali na hapa, katika viwanda vya sigara vya Havana, desturi ya msomaji wa kiwandani ilianza mwaka 1865: wafanyakazi wakikunja tumbaku, mmoja anasoma kwa sauti, na wao wenyewe wanachanga mshahara wake. Riwaya ya Dumas kuhusu Monte Cristo ilipendwa mno huko hata sigara mashuhuri ikaitwa Montecristo. Hao hawakuwa watu wenye nafasi ya kukaa maktabani. Walitaka hadithi, wakaigharamia.

Mimi na shangazi tulimaliza Vuta n'kuvute. Sikusukumana nayo, Jumapili ziliibeba. Ufundi huohuo ukaniingia katika usomaji wa peke yangu. Ndani ya matatu ya kwenda Westlands, foleni ikiwa imeganda na muziki umewekwa juu, nasoma kwa midomo kama wale wauzaji wa Tom Mboya, na sentensi inashika. Nasoma kurasa chache kuliko zamani, na vitabu vinafika mwisho.

Si vyote. Nilimpelekea shangazi Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, kitabu chembamba lakini chenye giza na mafumbo mengi. Naipenda. Alisikiliza kurasa kadhaa kwa heshima, kisha akanisimamisha. "Huyu anazungumza na nafsi yake. Tumwache amalize kwanza." Tukaifunga, bila huzuni. Msikilizaji akiwa mbele yako, kukiacha kitabu ni uamuzi wa watu wawili waliokitazama pamoja, na huwezi kukichukulia kama deni.

Sasa tumo katika Kuli, ya Adam Shafi pia, kuhusu wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Jirani mmoja, mzee aliyefanya kazi katika bandari ya Kilindini, Mombasa, ujanani, alisikia sauti ikitoka dirishani akaomba kiti. Tangu aje, kitabu kinakwenda kwa mwendo wa kobe, kwa sababu kila gunia linalobebwa ukurasani yeye analo la kulijazia: lilivyokaa begani, nani alilipa, nani aliumia, nyapara alisema nini. Shangazi humkatiza kumuuliza, naye humjibu kwa kirefu, na mimi naweka kidole kwenye mstari nilipoishia. Jumapili iliyopita walibishana kama wagomaji wangeweza kuungwa mkono na wake zao bila chakula nyumbani. Mzee alisema ndiyo, kwa ushahidi. Shangazi alisema aliyeandika angemhoji mke mmoja kwanza. Hatukusoma hata sura moja, na walipoagana mlangoni bado walikuwa wanabishana.