Msichana wa Siku Thelathini

Nilipomwambia mwenzangu mmoja, mshairi, kwamba safari hii naandika juu ya majarida ya mitindo ya wasichana wa Japani, alicheka mpaka akakohoa. "Kwani huko kuna nini cha kuhakiki? Sketi?" Ndiyo bwana, sketi. Na msichana aliyeivaa, na siku aliyoivaa, na maneno yaliyoandikwa kando ya goti lake. Ninachodai mimi ni kwamba pale pana hadithi, tena hadithi iliyosomwa na wasichana wengi kuliko riwaya nyingi tunazozisifu. Na palipo na hadithi mhakiki ana kazi.

Nikiri mapema kwamba Kijapani changu ni cha kuokoteza. Maelezo ya kurasa nilizokaa nazo nilisomewa na rafiki aliyewahi kuishi huko. Makosa ya tafsiri ni yake, ya uhakiki ni yangu.

Tuanze na hadithi yenyewe. Katika majarida ya wasichana wa ofisini, kama CanCam, kuna kipengele kinachoitwa kimawashi. Utadhani ni neno letu, lakini ni la Kijapani haswa. Maana yake ni kuvaa nguo kwa kuzizungusha. Mhusika anapewa nguo chache: tuseme makoti mawili, sketi tatu, sweta, blauzi na viatu jozi mbili. Anapewa na siku thelathini. Kila siku ina picha yake na maelezo mafupi, na nguo ni zilezile zinazopangwa upya: leo sketi hii na sweta ile, kesho sketi ileile na koti. Katikati ya mzunguko huo maisha yanapita. Kuna mkutano na mteja. Kuna mvua. Kuna kaka wa idara nyingine ambaye kila akipita moyo unadunda. Ikifika siku ya thelathini jambo limeiva: kazi imesifiwa, au kaka ametamka neno.

Kwa upande wa fani, muundo ni wa shajara na msuko ni wa moja kwa moja. Mandhari ni ofisi, kituo cha treni, mkahawa. Lugha ni nyepesi, ya msichana anayejisemea. Lakini hebu tazama vizuri, utaona wasimulizi ni wawili. Wa kwanza ni msichana, anayesema habari za moyo wake. Wa pili anasema kwa herufi ndogo kando ya picha: sweta ni ya kampuni gani, bei yake ni yen ngapi. Huyu wa pili hana hisia, hachoki, na ndiye mwenye jarida. Msichana anaweza kukosa mpenzi hadi ukurasa wa mwisho. Kukosa bei, hawezi.

"Si nilikwambia? Biashara tu," atasema mshairi wangu. Sikatai. Ila biashara hiyo ina historia, na historia ndiyo inayoipa hadithi hii uzito.

Zamani msomaji wa jarida la mitindo Japani alikuwa na mkasi mkononi. Jarida la Soen, lililoanzishwa mwaka 1936 na shule ya ushonaji ya Bunka ya Tokyo, lilimfundisha kukata na kushona. Ukiipenda nguo, unaishona. Mwaka 1970 likaja an·an, lililoanza kwa ushirikiano na Elle ya Ufaransa, na mwaka uliofuata likaja non-no. Hapo mambo yakageuka. an·an halikuja na karatasi za vipimo za kukatia kitambaa. Nguo za pichani zilikuwa za kununua. Msomaji akaweka mkasi chini, akashika pochi. Lakini alishika na tiketi ya treni. Wasichana walianza kusafiri wawili watatu, jarida kwapani, kwenda Kyoto na miji mingine ya kale waliyoiona kurasani. Wakawa wengi hadi wakabatizwa jina, kabila la Annon, kutokana na majina ya majarida yale mawili. Wapo waliowacheka kwamba wanaiga tu. Mimi namwona msichana anayesafiri bila baba wala mume, na aliyemwonyesha njia ni gazeti la nguo. Tusiwe wepesi wa kudharau.

Mwaka 1975 likaja JJ, na mwishoni mwa 1981 CanCam. Sheria ya usawa wa nafasi za kazi kati ya wanawake na wanaume ilipitishwa mwaka 1985, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Wasichana wakaahidiwa ngazi za ofisi. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, uchumi uliokuwa umevimba ukapasuka. Ajira za kudumu zikawa za kutafuta kwa tochi, na wengi, hasa wanawake, wakaishia kwenye mikataba ya muda.

Sasa rudi kwenye kimawashi. Nguo chache, siku nyingi. Hiyo ni hesabu gani kama si hesabu ya mshahara mdogo? Msichana wa siku thelathini anatakiwa aonekane mpya kila asubuhi kwa kabati lisilojaa. Hiyo ndiyo dhamira kuu ya hadithi hii, ingawa haitajwi hata mara moja: uhaba. Na fani imeuficha uhaba kwa ustadi hadi unaonekana kuwa ubunifu. Hapa nasifu bila kinyongo. Ni waandishi wangapi wetu wanaoweza kuandika juu ya mtu asiye na hela bila kumliza ukurasa wa kwanza?

Hapohapo ndipo tunapogombana. Uhaba wa taifa zima unatatuliwa na mtu mmoja mbele ya kioo. Mhusika hamuulizi bosi kwa nini mkataba wake ni wa miezi. Anabadilisha skafu. Mgogoro unaoanzia kwenye mshahara unamalizikia shingoni, na msomaji anafunga jarida akiamini kwamba akishindwa, ameshindwa yeye na nguo zake.

Tuje kwa wahusika. Ebihara Yuri alikuwa mwanamitindo wa kudumu wa CanCam tangu mwaka 2003, na wasomaji walimwita Ebi-chan, kama unavyomwita mdogo wako nyumbani. Alichovaa kilikuwa kikiisha madukani. Mwanamitindo wa aina hii ni wa jarida moja, humwoni kwa washindani. Siku akiondoka hawasemi ameacha kazi, wanasema amehitimu. Amehitimu nini, jamani? Ujana. Wasomaji wa CanCam walipokua, jarida halikumwacha mhusika akue nao ndani ya hadithi ileile. Lilizaa jarida jingine mwaka 2007, AneCan, yaani CanCam ya dada mkubwa, na wakubwa wakahamia huko. Nalo likafungwa mwaka 2016. Msichana wa siku thelathini anaruhusiwa kubadili kila kitu isipokuwa umri.

Na umbo. Utafiti wa taifa wa afya na lishe wa Japani wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya watano wenye umri wa miaka ishirini hadi ishirini na tisa alikuwa na uzito pungufu. Siwezi kuyabebesha majarida mzigo wote huo. Lakini hadithi inayorudi kila mwezi na mhusika wa umbo lilelile inafundisha, ipende isipende: nguo ni za kuzungusha, mwili ni wa kupunguza.

Na sura je? Jarida la ViVi lilijulikana kwa wanamitindo wenye mzazi mmoja wa kigeni. Rola, ambaye baba yake ni wa Bangladesh, alipendwa sana humo. Unaweza kusema mlango umefunguka. Lakini mwaka 2015 Ariana Miyamoto, aliyezaliwa Nagasaki kwa mama Mjapani na baba Mmarekani mweusi, alichaguliwa kuiwakilisha Japani katika Miss Universe, na wakajitokeza watu wa kusema si Mjapani wa kutosha. Kumbe mlango ulifunguliwa nusu, na aliyeushika alikuwa akitazama rangi.

Hadi hapa utadhani nimekata tamaa. La hasha. Nikuonyeshe ukurasa wa namna nyingine.

Mwaka 1997 mpiga picha Aoki Shoichi alianzisha jarida liitwalo FRUiTS. Studio yake ilikuwa mtaa. Alikwenda Harajuku, Tokyo, ambako Jumapili barabara ilifungwa kwa magari na vijana wakamiminika, mpaka utaratibu huo ulipofutwa mwaka 1998. Alimsimamisha msichana aliyepiga pamba za ajabu, akampiga picha kuanzia utosini hadi viatuni, na picha ikachapwa pamoja na majibu yake mafupi: umri, shughuli, kila nguo imetoka wapi. Na mara kwa mara jibu lilikuwa ni mtumba, au nimetengeneza mwenyewe. Mkasi umerudi! Msichana wa kimawashi ana siku thelathini alizopangiwa. Huyu ana siku moja tu, lakini ni yake, na ameulizwa.

Wale wa egg, lililoanza mwaka 1995, walikwenda mbali kwa njia yao. Wasichana wa Shibuya, wasomaji wa kawaida, walijaza kurasa wakiwa na ngozi iliyokolezwa kahawia wakati majarida mengine yakitukuza weupe. Wakubwa walichukia. Wenyewe walicheka mbele ya kamera, midomo wazi.

Hata hivyo nisiwapambe kupita kiasi. Msomaji anayegeuzwa mwanamitindo hufuatwa haraka na mwenye bidhaa. Masuwaka Tsubasa alianza kama mwanamitindo-msomaji wa Popteen, na mwaka 2009 zikatoka kope za bandia za Dolly Wink, alizosimamia yeye. Sina ugomvi naye. Katafuta riziki yake. Lakini yule msimulizi wa pili, wa herufi ndogo, alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma.

FRUiTS liliacha kutoka kila mwezi mwaka 2017. Aoki alieleza kwamba hapati tena vijana wa kuvutia wa kuwapiga picha. Kwa JJ, toleo la Februari 2021 ndilo lililokuwa la mwisho la kila mwezi. Leo msichana anajipiga picha mwenyewe kwa simu, anaandika maelezo mwenyewe. Wapo wanaosema huo ndio uhuru, hatimaye ameshika kalamu. Natamani kukubali. Ila nikisoma maelezo hayo naona wasimulizi wawili wamekuwa mmoja: anasema habari za moyo wake, na bei anaitaja kwa mdomo uleule. Na tumebakiwa na swali ambalo Aoki alikuwa akiliuliza barabarani na sasa halina mwulizaji: hii umeitoa wapi, dada, na kwa nini?

Nilimsomea mshairi wangu yote haya. Safari hii hakucheka. Nikamkumbusha shairi lake tulilolichapa, lile la msichana mwenye shingo ya upanga na mwendo wa twiga, aliyevalishwa beti sita nzima. "Huyo," nikamuuliza, "wewe ulimuuliza chochote?"

Amesema atanijibu toleo lijalo. Nangoja.