Adui wa Mvuvi Si Mvuvi Mwenziwe

Filamu ya Alamo Bay, iliyoongozwa na Mfaransa Louis Malle mwaka 1985, inahusu ugomvi wa wavuvi wa kamba katika pwani ya Texas, Marekani. Upande mmoja ni Wazungu wenyeji. Upande wa pili ni wakimbizi wa Kivietinamu, waliotoka katika nchi iliyoharibiwa na vita vya Marekani. Mzungu Shang anaandamwa na deni la mashua. Lakini hasira yake haielekei benki. Inamwangukia Mvietinamu, mnyonge mwenziwe, huku Ku Klux Klan wakichochea.

Tunakubali kwamba Malle ameifichua chuki hiyo kwa ujasiri. Wala haikuwa ya kubuni: mwaka 1981 mahakama ya Houston iliwapiga Klan marufuku kuwatisha wavuvi wa Kivietinamu. Kasoro tunayoiona ni kwamba deni linaonyeshwa kisha linaachwa, na mgongano wa kitabaka unageuzwa kuwa kisa cha mapenzi na risasi. Mtazamaji anaondoka akimlaani Shang, bila kuuliza nani anapanga bei ya kamba na nani anafaidi riba ya mashua.

Ndugu wanaoongoza mijadala matawini waanze na maswali hayo. Wanyonge wakigombania bahari, anayenufaika yuko nchi kavu.