Umri wa Bibi na Upepo wa 1839

Ninapenda mambo mawili ambayo wengi huona hayana undugu: historia ya Ireland, na elimu ya kuzeeka kwa afya njema. Hapa Mbulu na Hanang la kwanza si geni. Mapadre Wapalotini kutoka Ireland walifika kwetu miaka ya 1940, na mwenzao, Askofu Patrick Winters, aliliongoza Jimbo la Mbulu hadi 1971. Kwa wazee wetu wengi, daftari la ubatizo ndilo lililokuwa karatasi ya kwanza kutaja umri wao, na mara nyingi umri wenyewe ulikuwa wa kukisia.

La pili limenifikisha kwenye kitabu cha Nicholas Blurton Jones, *Demography and Evolutionary Ecology of Hadza Hunter-Gatherers*, kilichotolewa 2016. Kinawahusu majirani zetu Wahadzabe, ambao baadhi yao wanakaa bonde la Yaeda. Yeye na wenzake, Kristen Hawkes na James O'Connell, walifanya kazi huko tangu miaka ya 1980. Waliona kwamba bibi aliyekwisha kukoma uzazi huchimba mizizi kwa bidii kuliko wasichana, na kwamba mama akiwa na mtoto mchanga, afya ya watoto wakubwa hufuata jasho la bibi. Mwanamke aliyefika miaka 45 aliweza kutazamia takribani miaka 20 zaidi.

Hapo msomaji makini atauliza: miaka 45 ilihesabiwa na nani? Wahadzabe hawakuwa na vyeti. Mwandishi analijibu swali hili kwa uaminifu, na ndiyo sifa kubwa ya kitabu. Aliwauliza watu nani mkubwa kwa nani, akawapanga mstari mmoja, kisha akautia mstari huo miaka kwa kutumia wale wachache waliojulikana walizaliwa lini.

Upungufu ninaouona ni huu. Njia hiyo hufaa kwa wastani wa watu wengi, lakini kwa mtu mmoja inaweza kukosea kwa miaka kadhaa. Wanaonukuu kitabu huisahau tahadhari hiyo, wakabaki na tarakimu tupu. Tena, karibu nusu ya watoto wa Kihadzabe walikufa kabla ya utu uzima. Bibi tunayemwona akichimba ni yule aliyepona. Wenzake wamelala makaburini, nao hawakuhojiwa. Basi asije mtu akatuambia kwamba shida ndiyo dawa ya uzee.

Ireland inatufundisha upande wa pili wa jambo hili. Pensheni ya wazee wa miaka 70 ilianza kulipwa huko tarehe 1 Januari 1909, ilhali vizazi vyote vilianza kuandikishwa 1864 tu. Mzee angethibitisha nini? Wengi walisema wanaukumbuka Upepo Mkubwa wa usiku wa tarehe 6 Januari 1839. Wapo waliojiongezea miaka. Ukilinganisha sensa ya 1901 na ya 1911, utawakuta watu waliozeeka zaidi ya miaka kumi katika kumi. Kwa mwanasayansi hayo ni maafa. Kwa bibi kizee asiye na kitu ilikuwa ni mkate.

Kwa hiyo umri una mizani mbili. Anayepima maisha marefu lazima awe mkali, maana uongo mdogo huzaa miujiza ya wazee wa miaka 110. Anayegawa msaada akiwa mkali vilevile, humnyima mwenye haki kwa kosa la kuzaliwa mbali na karani.

Zanzibar ilianza pensheni ya wazee wote wa miaka 70 Aprili 2016. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, lakini pensheni ya namna hiyo bado. Siku itakapofika, ningependa njia ya Blurton Jones itumike vijijini: wazee wakae pamoja, waulizwe nani alimtangulia nani, nani alikuwa anachunga ndama Uhuru ulipokuja 1961, nani alikwisha kuolewa wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa 1974. Na watoto wa Katesh walioona maporomoko ya Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023, nao wanayo tarehe ambayo hawataisahau. Heri lakini wawe na vyeti, wasihitaji kuulizwa.